Mboji ya kobe, Barka: kutoka kibandani hadi chini ya mdimu (shajara ya mradi)

14 Oktoba 2023: Tulichonacho

Joto limelegea, msimu wa kulima huku Batina, pwani ya Oman, umefunguka, nami naanza kazi niliyoiahirisha mwaka hadi mwaka. Nafuga kobe wawili wa Sahel (Centrochelys sulcata), dume na jike. Dume amepita kilo 40 na kutwa nzima anakula: nyasi kavu za rhodes, lusini (alfalfa) mbichi, majani ya mforosadi, na pungate likipatikana. Kinyesi chao pamoja na matandiko ya kibandani hujaza toroli kwa wiki. Vyote vilikuwa vikienda kwenye pipa la manispaa, huku mimi nikinunua mbolea ya ng'ombe ya mifuko kwa karibu riali 18 kila msimu ili mchanga wa bustani yangu uote kitu. Hali hiyo imenikera muda mrefu.

Waliowahi kuvuka kwenda kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kuwaona kobe wa Aldabra walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 wanajua kinyesi chao kilivyo. Cha hawa wangu ni kidogo zaidi lakini ni kilekile: kirefu, kimeshikana, na kikikauka ukakivunja unaona vijiti vya nyasi vimekatwakatwa, havijayeyuka. Harufu yake ni ya majani. Pamoja nacho hutoka uji mweupe unaokauka kuwa unga wa chaki. Huo ni asidi ya yuriki, njia ya mnyama wa nchi kame kutoa naitrojeni bila kupoteza maji mengi. Usiutupe, una thamani.

Ninaona kobe kama mtambo wa hatua ya kwanza. Kule Bamburi, Mombasa, mivinje iliyopandwa kwenye machimbo ya saruji kuanzia mwaka 1971 ilimwaga majani yasiyooza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala, na mavi yao yakawa udongo wa mwanzo wa msitu ule. Hapa sina majongoo. Nina wanyama wawili wanaosaga marobota ya nyasi bure.

Kabla ya yote, usafi. Kobe, kama watambaazi wengine, hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila yeye mwenyewe kuugua. Marekani ilikataza tangu mwaka 1975 kuuzwa kwa kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwachezea na kuugua. Kwa hiyo kinyesi hiki hakiingii kwenye tuta la mboga kikiwa kibichi, tofauti na cha sungura ambacho wengi hukitia moja kwa moja. Nimetenga beleshi, ndoo na glovu za kazi hii peke yake, na ndoo hiyo haivuki mlango wa jikoni.

4 Novemba 2023: Boksi la kwanza

Paleti nne za bure kutoka duka la vifaa vya ujenzi, zimefungwa kwa waya pembeni na kutandikwa waya wa kuku ndani. Mita 1 kila upande; lundo dogo kuliko hapo halishiki joto. Nimepanga tabaka: kinyesi, nyasi za kibandani, makumbi ya nazi yaliyosagwa (ndiyo matandiko ya jike), maganda ya mboga. Nimemwagia maji ya mpira. Boksi limekaa kwenye ukuta unaopigwa na jua kutwa, nikitaraji jua lisaidie kupasha.

25 Novemba 2023: Limekauka

Halikuoza. Leo nimelifungua lote, na hiki ndicho nilichokuta.

Juu kulikuwa na moto wa kuunguza mkono, nyuzi 50 saa sita mchana. Nikachomeka kipimajoto hadi katikati: 33, yaani sawa na hewa ya nje. Nyasi za katikati zilikuwa bado za manjano na zinavunjika, na kinyesi kimekuwa kigumu kiasi cha kugongana kikilia. Lakini ardhi chini ya boksi ilikuwa imelowa chapachapa. Hapo ndipo nilipoelewa maji yalikwenda wapi. Nyasi kavu hazinywi maji ukizimwagia kwa juu. Yanateleza kwenye mashina yake, yanapita pembeni ya kinyesi, yanaishia mchangani. Nilikuwa nanywesha ardhi.

Na jua si moto wa mboji. Joto la mboji linatoka kwa bakteria wanaokula, na bakteria hawali pasipo unyevu. Jua na upepo wa huku vinauondoa unyevu kabla hawajaanza. Vitabu vingi vya mboji vimeandikwa kwa nchi za mvua, vinaonya juu ya lundo kulowa kupita kiasi. Kwetu Ghuba onyo la kwanza liwe kinyume chake.

Marekebisho niliyofanya leo:

Boksi limehamia chini ya mwarobaini, upande wa ukuta usioona jua mchana. Nyasi zote na kinyesi kikavu vinalala usiku kucha ndani ya pipa la maji kabla ya kupangwa. Asubuhi kinyesi kinakuwa laini na kinavunjika kwa beleshi, na nyasi zimebadilika rangi. Hapo zimekunywa kweli. Nimeongeza mabaki ya lusini mbichi, kwa sababu nyasi kavu peke yake hazina naitrojeni ya kutosha. Kipimo changu cha ndoo: kinyesi mbili, lusini moja, nyasi zilizoloweshwa tatu. Juu yake gunia bichi, na juu ya gunia turubai lililoachwa wazi pembeni ili hewa ipite.

Namna ya kupima unyevu: kamua konzi moja kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika ni mengi. Mkono ukibaki mkavu, rudi kwenye pipa.

Sasa swali la maji yenyewe, ambalo kwa sisi wa Batina ni zito. Visima vya karibu na pwani vimevutwa sana, bahari imeingia chini kwa chini, na maji ya kisima chetu huacha ukoko mweupe kwenye mdomo wa mpira. Ukiyamwaga kwenye lundo linalopoteza maji kila siku, maji yanapaa na chumvi inabaki. Baada ya miezi una mboji ya chumvi. Kwa hiyo nakinga maji ya viyoyozi, ambayo ni mvuke uliogeuka maji na hayana chumvi ya kisima. Ndoo chini ya kila bomba la nje inatosha. Pili ni maji ya kumwogeshea kobe. Nikimtia dume kwenye karai la maji ya vuguvugu hujisaidia humo, na maji yale yanakwenda lundoni moja kwa moja. Tatu, yakipungua hayo, maji ya bomba.

16 Desemba 2023: Moto umepanda

Alhamdulillah. Siku chache baada ya kupangwa upya, katikati palifika nyuzi 61. Ukifunua gunia asubuhi ya baridi, mvuke unapanda usoni.

Nafuata kanuni za kilimo-hai za Marekani, kwa sababu zinataja namba: nyuzi 55 au zaidi kwa siku 3 kama mboji iko ndani ya chombo kilichofungwa, au siku 15 na kugeuza mara 5 kama ni lundo la wazi. Boksi la paleti lina nyufa kila upande, kwa hiyo nalihesabu kama lundo la wazi. Katika kugeuza, cha pembeni lazima kiingie katikati. Pembe za boksi hazikupita nyuzi 40, na salmonela iliyokaa pembeni haijui kwamba katikati kuna moto.

20 Januari 2024: Makumbi na chumvi

Huku lundo likiendelea, nilijaribu njia ya mkato kwa matandiko ya makumbi. Makumbi hayaozi upesi. Wakati nyasi zimekuwa nyeusi na laini, yenyewe bado yana rangi ya kahawia na nyuzi zake. Nikaona niyachambue yale ya upande wa juu, yasiyo na kinyesi, niyachanganye na mchanga kuoteshea miche ya nyanya na bilingani.

Miche iliota vizuri. Ilipotoa majani ya pili, ncha zikawa za kahawia, kisha kingo, kisha jani zima likajikunja na kukauka kama karatasi. Nyanya zilivumilia kidogo, bilingani zikafa karibu zote. Nikadhani ni mkojo wa kobe. Nikapunguza, nikaongeza maji, hali ikawa ileile.

Aliyenifumbua macho ni shangazi yetu, aliyekulia Makunduchi na kusokota kamba tangu utoto. Alikuja kutusalimia Ijumaa, akachukua konzi ya makumbi kwenye chungu, akaigusisha ulimini, akatema.

"Mwanangu, haya yana pwani ndani yake."

"Nimeyanunua dukani, shangazi, yamekuja yamekandamizwa kama tofali."

"Hata kama. Makumbi yanafukiwa wapi?"

Kweli. Zanzibar makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani, bahari inayapanda na kuyashuka kwa miezi mpaka yalainike, ndipo yapondwe yatoe nyuzi. Makumbi ya kiwandani nayo mara nyingi huloweshwa kwenye maji ya chumvichumvi, na si kila mtengenezaji anayeyasuuza. (Nawaomba msionje kama alivyofanya yeye, yale yalitoka kibandani kwa kobe, na nilimsukutua maji mara moja.)

Nikanunua kipima chumvi. Nililowesha makumbi kwenye maji ya kiyoyozi, nikapima maji yake: 3.6 dS/m (desisimens kwa mita, kipimo cha chumvi). Kwa kulinganisha, maharage huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikipita 1, nyanya kwenye 2.5, na mtende huvumilia hadi 4. Miche yangu ilikuwa imepandwa kwenye ufuo.

Dawa yake ni rahisi ila inataka maji mazuri: gunia la makumbi linaning'inizwa, linamwagiwa maji ya kiyoyozi mpaka yanayotoka chini yasome chini ya 1. Nimefika 0.6. Tangu sasa makumbi mapya yanasuuzwa kabla ya kwenda kibandani, na yanapotoka hayaingii tena kwa wingi kwenye lundo. Yaliyochafuka kidogo yanachanganywa ndani, yaliyobaki yanakuwa matandazo chini ya mitende, ambayo ndiyo yenye ubavu wa kuvumilia.

Kwa mwenye kutandika randa za mbao: chunguza ni mti gani. Za msonobari na mwerezi zina utomvu usiomfaa kobe, na lundoni zinakaa mno na kunyonya naitrojeni. Mimi niliacha zamani.

17 Februari 2024: Kabla ya kutumia

Lundo limepoa, limekuwa jeusi, linanuka udongo. Limebaki theluthi ya lilivyokuwa. Nimelipitisha kwenye chekeche la waya.

Nililipima kwa maharage. Dawa za kuua magugu za jamii ya aminopiralidi hubaki kwenye nyasi, hupita tumboni mwa mnyama, hupita kwenye mboji, na zinaharibu nyanya na jamii ya kunde. Uingereza mwaka 2008 mauzo ya dawa hiyo yalisimamishwa baada ya watu wengi kuharibikiwa na bustani. Nyasi zangu nanunua, sizioteshi, kwa hiyo sijui shamba lake lilipigwa nini. Vyungu kadhaa nikatia nusu mboji nusu mchanga, vingine udongo wa dukani, maharage kote. Jani la tatu likijikunja kama kikombe, mboji hiyo usiitie bustanini. Yangu yametoka sawa pande zote.

Jambo jingine lilijitokeza kwenye vyungu hivyohivyo: matikiti. Kobe walipewa maganda ya tikiti wakati wa joto, na mbegu zilizokaa pembeni mwa lundo zimepona. Kisiwa cha Ile aux Aigrettes huko Morisi kimeletewa kobe wa Aldabra tangu mwaka 2000 ili wasambaze mbegu za miti ya mpingo wa kule, na wanafanya kazi hiyo barabara. Bustanini kwangu sitaki msaada huo. Tikiti sasa linatolewa mbegu.

Na dawa ya minyoo: nikiwapa kobe fenbendazoli, kinyesi cha wiki mbili zinazofuata kinakwenda gunia lake, hakigusi mboji.

9 Machi 2024: Bustanini

Ramadhani imebisha hodi, nikataka kazi ya beleshi iishe kabla. Ndoo mbili kwa kila mdimu (isipokuwa mmoja, niliouacha ili nilinganishe) na mkomamanga, kuanzia shubiri moja kutoka kwenye shina hadi mwisho wa kivuli chake, kisha matandazo ya nyasi safi juu. Mashimo ya bamia na bilingani yamepata beleshi moja moja.

Tuta la jirjiri na figili, vinavyoliwa vibichi kila siku kwenye sahani ya wali, sijalitia. Nina imani na moto wa lundo, lakini sina maabara. Kanuni zile za Marekani kwa samadi mbichi zinataka siku 120 kabla ya kuvuna kinachogusa udongo, na 90 kwa kisichogusa. Nimechagua kuihesabu mboji hii kama mbichi kwa mboga za kuliwa vibichi tu.

Pia haiingii kwenye kipande wanacholishia kobe wenyewe. Minyoo wao wadogo wa jamii ya oksiuri hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Ukiwarudishia kwenye majani wanayokula, unazungusha ugonjwa.

20 Aprili 2024: Mvua

Mvua kubwa ya katikati ya mwezi, iliyoleta mafuriko nchini na kuua watu, Mungu awarehemu, ilitukuta na lundo la pili likiwa na moto wa nyuzi 57. Upepo uliling'oa turubai. Nilipolifikia, maji yalikuwa yanatoka chini yakiwa meusi, na kufikia jana lilikuwa linanuka yai viza. Joto limeshuka hadi la hewa.

Lundo likijaa maji hewa inatoka, na bakteria wasiotaka hewa ndio wanaoshika hatamu. Nimelibomoa lote, nikalitandaza kimo cha mkono juu ya matawi makavu ya mtende, nikachanganya nyasi kavu zisizoloweshwa, safari hii nilizihitaji kavu. Kutwa moja ya jua ilitosha. Nimelipanga upya juu ya tabaka la makuti ili chini kuwe na njia ya hewa, na turubai limefungwa kwa kamba kwenye paleti.

Maji meusi yaliyotoka sikuyamwagia mmea wowote. Hayakupita kwenye moto.

1 Juni 2024: Chonga

Nikigeuza lundo nimekuta funza wakubwa weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja, kichwa cha kahawia, miguu karibu na kichwa. Aliyekulia kwenye minazi anawajua. Mbawakawa wa jamii ya chonga hutaga kwenye samadi na magogo yanayooza, na wakubwa wao hutoboa mitende kama wanavyotoboa minazi. Lundo langu lipo hatua chache kutoka kwenye mitende sita.

Nimewaokota wote kwa mkono wakati wa kuchekecha na kuwapa kuku, ambao hawakuacha hata mmoja. Boksi nimelifunika kwa chandarua cha matundu madogo juu na pande zote, kwa sababu jike anatua usiku. Hawakuwa katikati kwenye moto, wote walikuwa kwenye pembe na chini palipopoa. Kumbe kugeuza kunahusu mitende pia, sio salmonela peke yake. Mwenye lundo asiache mboji iliyokwisha poa ikae miezi. Itiwe bustanini au ifungwe kwenye mifuko.

Kuanzia leo mpaka Septemba sipangi lundo jipya. Joto ni 45, maji yanayopotea kwa siku ni mengi kuliko ninayoweza kukinga, ingawa viyoyozi sasa vinatoa ndoo kwa ndoo. Kinyesi kinaanikwa kinakauka kwa siku moja na kuhifadhiwa kwenye magunia kivulini. Kikikauka hivyo hakinuki na hakivuti nzi.

12 Oktoba 2024: Hesabu

Gharama za mwaka, kwa riali: waya wa kuku 3, turubai 2 na nusu, kipimajoto 6, pipa 4, kipima chumvi 9, magunia 1, glovu 1 na nusu. Jumla 27. Chandarua kilikuwa cha zamani. Nyasi sizihesabu, zilinunuliwa kwa ajili ya kulisha. Mwaka huu sijanunua mfuko hata mmoja wa mbolea. Mwenye kubana matumizi aache kila kitu isipokuwa kipimajoto, na anayetumia makumbi au maji ya kisima asiache kipima chumvi.

Midimu miwili iliyopata mboji imetoa majani mapya ya kijani kibichi baada ya kiangazi. Wa tatu, niliouacha bila mboji ili nilinganishe, una manjano katikati ya mishipa ya majani. Huo nao utapata zamu yake wiki hii. Bamia zilizaa hadi Juni. Ukichimba kidole chini ya matandazo siku ya pili baada ya kumwagilia, mchanga bado umeshikana, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye kiwanja hiki.

Mchwa wameingia kwenye matandazo ya nyasi chini ya mkomamanga mmoja. Nimeyaondoa na kuweka mboji tupu, na nitaandika kama wamehama.

Magunia ya kiangazi yameshaingia pipani. Safari hii napanga maboksi mawili, moja la kujaza na moja la kupoa, na nataka kujaribu kuchanganya samadi ya kuku kidogo mahali pa lusini, maana lusini imepanda bei. Mwenye uzoefu wa samadi ya kuku kwenye hali ya joto kama yetu aniambie kiasi alichotia kwa ndoo ngapi za nyasi, na kama harufu ya amonia ilimpa tabu. Ingizo linalofuata ni hilo, inshallah, lundo likishapoa.